Binti Yetu Yuko Darasa la Ngapi?

Tulipokuwa tunaishi Dubai, swali lililonitoa jasho kuliko joto la Agosti lilikuwa swali la kawaida kabisa. Mtu anapanda nawe lifti, anamtazama mtoto, anatabasamu, kisha anauliza: yuko darasa la ngapi? Mke wangu alikuwa akijibu la kwanza, na wiki inayofuata akamjibu mtu mwingine la pili. Mimi nilitazama namba za ghorofa zikishuka. Binti mwenyewe, alipoulizwa na mlinzi wa jengo letu, Mkenya wa Machakos, alisema yuko darasa la mezani. Mlinzi akacheka, nami nikacheka naye, ila moyoni sikujua ningesema nini badala ya hilo.

Mimi ni mtu wa Njombe. Miaka ile maghorofa ya Dubai yalikuwa yakiota kama uyoga, na mimi nilikuwa mtunza stoo katika duka la vipuri vya magari huko Ras Al Khor. Mke wangu ni Mkenya wa Kitale. Tulikutana kwenye ibada ya Kiswahili, ile ya Ijumaa jioni, wakati yeye akiwa mhudumu wa hoteli kule Marina. Kabla ya kuja Ughaibuni alikuwa mwalimu wa chekechea kwao. Alipojifungua mtoto wetu wa pili aliacha kazi, tukabaki wanne katika chumba kimoja kikubwa chenye jiko dogo la gesi pembeni, kwenye mtaa mpya uliojengwa mchangani nyuma ya Ras Al Khor. Upepo ukigeuka tulipata harufu ya mtambo wa majitaka. Usipogeuka, palikuwa mahali pazuri pa kulea watoto.

Hatukuamua kumfundisha mtoto nyumbani. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye mke wangu alilisimulia vingine, na hata mimi kuna wakati nililisimulia vingine. Ukweli ni kwamba binti yetu alipofika umri wa kuanza shule, shule zenye ada tuliyoiweza zilikuwa zimejaa. Zenye nafasi hazikuwa za watu wa mshahara wangu. Kila tulipobisha tuliambiwa inshallah, mwaka ujao. Mke wangu akasema basi, atamshikilia mwenyewe miezi hiyo ya kusubiri, asije akasahau hata herufi alizojua. Tukanunua ubao mdogo mweupe na kalamu zake. Hilo ndilo lililotokea.

Kisha akaja mama wa Afrika Kusini. Ukumbi tuliokuwa tukiabudia ulitumiwa asubuhi na kanisa la Kiingereza, na yeye alikuwa wa kule. Alikuwa na watoto wanne, wote akiwafundisha mwenyewe nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga shule. Sijui nani alimwambia habari zetu. Ijumaa moja alitusubiri mlangoni na katoni ya vitabu ambavyo watoto wake walikuwa wamevimaliza, akakaa na mke wangu kwenye ngazi, wakazungumza mpaka ibada yetu ikaanza bila wao.

Mke wangu alirudi uso unang'aa. Njia nzima kwenye basi alinieleza faida za kufundisha nyumbani. Mtoto anayeanza siku yake kwa Neno la Mungu hatikisiki. Mungu aliwakabidhi wazazi watoto wao, hakumkabidhi mtu mwingine. Ndugu wanaokua pamoja mchana kutwa wanakuwa marafiki. Mtoto mwepesi hazuiwi na wenzake, na mzito hakimbizwi. Nilisikiliza, na kila jambo peke yake niliona ni la kweli.

"Kumbe hii si kusubiri," aliniambia. "Kumbe hii yenyewe ndiyo shule."

Nikamuuliza kama wito unaweza kuja kwa sababu tu shule zimejaa. Akanijibu kwamba hata Musa alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe kwa sababu ya shida. Nilitaka kumkumbusha kwamba baadaye Musa huyohuyo alipelekwa kwa Farao akalelewa huko, lakini mtoto mdogo alikuwa amelala begani kwangu, sikutaka kumwamsha.

Basi ikawa shule. Asubuhi mke wangu alifunga pazia la upande wa kitanda ili mtoto asione mito, akamketisha mezani, wakaomba, wakaimba, wakakariri mistari ya Biblia, kisha wakasoma vile vitabu vya katoni. Nilipokuwa nikivaa viatu nilikuwa nikisikia sauti zao mbili, moja ikiongoza na nyingine ikifuata. Nilienda kazini nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuielezea, na pia na wasiwasi ambao nao sikuweza kuuelezea.

Duka letu lilikuwa likifungwa saa saba mchana na kufunguliwa tena saa kumi, kama maduka mengi ya kule, kwa ajili ya joto. Zamani muda ule nilikuwa nalala. Sasa mke wangu aliniambia hesabu ni zangu. Alisema yeye alisoma hesabu kwa Kiingereza, mimi nilizisoma kwa Kiswahili, na mtoto anahitaji zote mbili. Nadhani pia alitaka kupumzika, na ilikuwa haki yake. Nikaanza kuja nyumbani na mfuko wa nati na bolti zilizoshika kutu, tukazimwaga mezani, tukajumlisha na kutoa mpaka vidole vyake vikawa vyeusi kama vyangu.

Mambo haya yote yamenichanganya, lakini hili moja nalijua kwa hakika. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa dereva wa teksi, Mpakistani mwenye watoto watatu. Watoto wake walichukuliwa na basi la shule kabla jua halijapanda, na waliporudi yeye alikuwa barabarani. Aliniambia wakati mwingine anapitisha wiki nzima akiwaona wamelala tu. Mimi nilimwona binti yangu akiwa macho kila siku, akiniuliza maswali, akininyang'anya kalamu. Kama angekuwa shule, nami na zamu zangu zile, nisingemjua. Ningekuwa namfahamu kwa sura.

Lakini maswali yake ndiyo yaliyoanza kunitatiza. Siku moja aliweka kalamu chini akasema, "Mama anasema saba take away tatu. Wewe unasema saba toa tatu. Mwalimu ni nani?"

Nikamwambia wote ni walimu. Akauliza nani anasahihisha nani. Nilipomgeukia mke wangu, alikuwa akikunja nguo na hakuinua macho.

Saa ya ukutani ilikuwa vita nyingine. Asubuhi mama yake alimfundisha kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye saba ni saba. Mchana nikamfundisha ni saa moja. Akalia. Akasema saa ya baba imeharibika. Nikajaribu kumweleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, akaenda dirishani akalitazama jua lenyewe, akarudi akasema jua la hapa halijui Kiswahili.

Na wiki nayo. Alikuwa amekariri kwa mama yake kwamba Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma. Kwangu alikuwa amejifunza kuhesabu siku: Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ni ya pili, jina lenyewe linasema. Isitoshe, kanisani tulienda Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko ya nchi, na Jumapili ilikuwa siku ya kazi na ya shule kama siku nyingine. Akataka kujua Yesu alifufuka lini hasa. Mama yake alimwambia siku zote ni za Bwana. Mimi nikasema ni mambo ya kalenda. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba mtoto wa shule angelikubali tu jibu la mwalimu wake, na sikujua kama hilo lingekuwa jema au baya.

Watu kanisani walikuwa na maoni. Mzee wetu wa kanisa, Mkenya aliyekuwa msimamizi wa walinzi, alinivuta pembeni baada ya ibada akanishika mkono kwa upole kabisa. Alisema wenzetu wenye uwezo wakicheza na shule, wana pa kuangukia. Sisi shamba letu ni cheti. Siku mtoto atakapoombwa karatasi, nitamwonyesha nani hizo nati? Maneno yake yaliniingia, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijiambia mwenyewe. Ijumaa iliyofuata dada mmoja Mtanzania, aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa madamu wa Kiarabu na watoto wake wakilelewa na bibi yao Singida, alinisikia nikimsimulia mtu mashaka yangu. Akanikata maneno.

"Kaka, wewe mwanao unamwona kila siku ya Mungu. Sasa unalia nini?"

Nikaona naye amesema kweli. Ndivyo nilivyokuwa miezi ile: yeyote aliyesema nami mwisho ndiye aliyekuwa sahihi.

Sare ilikuja kwa wema. Mke wa yule dereva wa teksi tulikuwa tukimwita baji, yaani dada kwa lugha yao. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu, mtu wa sahani. Hakuna wiki aliyopitisha bila kutuletea wali au chapati za mafuta. Binti yake mkubwa alikuwa rika moja na wetu na walicheza pamoja kwenye korido kila jioni. Binti yetu alianza kuililia sare ya shule. Si shule, sare. Sketi ya buluu yenye marinda na shati lenye nembo mfukoni. Baji aliposikia, akaleta sare ya bintiye iliyokuwa imembana, ameifua na kuipiga pasi. Mke wangu alisitasita, kisha akasema hakuna ubaya, mtoto asome akiwa amependeza. Kuanzia hapo binti yetu alikaa mezani kila asubuhi akiwa na nembo ya shule asiyoijua.

Jumapili moja mtoto mdogo aliamka na homa na kutapika. Mimi nilikuwa nimeondoka mapema kupokea mzigo. Mke wangu alikuwa bafuni na mashuka, na binti akamwambia anaenda kumsalimia rafiki yake mlango wa pili. Jambo la kila siku, akamruhusu. Watoto wa baji walikuwa wakishuka kwenda kwenye basi. Binti yetu, na sare yake, akashuka nao. Dada wa basi, yule wa kuwahesabu watoto, alikuwa mgeni wiki ile. Aliona sare, akamshika mkono, akampandisha.

Mke wangu alidhani mtoto yuko kwa baji. Baji alidhani yuko kwao. Mpaka mtoto mdogo alipotulia na kulala ndipo mke wangu alipobisha mlango wa pili, na baji akamwambia kwa mshangao kwamba watoto wote wako shule. Wakatafuta ngazi zote, paa, nyuma ya jengo, dukani kwa Mhindi mmoja wa Kerala. Mlinzi alikuwa amebadilishana zamu na hakuona kitu. Ndipo nikapigiwa simu.

Sauti ya mke wangu siku ile sitaki kuielezea. Nilimwendea tajiri wetu, tuliyekuwa tukimwita arbab kama ilivyo desturi, Mwarabu wa makamo asiyependa watu kutoka kazini. Nikamwambia binti yangu amepotea. Hakuuliza zaidi. Alimwita dereva wa pikapu akasema yalla, mpeleke anakotaka. Tulikuwa hata hatujaivuka barabara kuu simu ikalia tena. Shule ya watoto wa baji ilikuwa imempigia baji. Kulikuwa na mtoto wa ziada, na mtoto huyo alikuwa ametaja jina la jengo letu bila kukosea.

Nilifika pale na ovaroli langu la grisi. Binti yangu alikuwa ameketi ofisini kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, anakula biskuti. Aliponiona alitabasamu kama mtu aliyetembelewa. Nilipiga magoti nikamshika mabega, nikataka kumgombeza, nikataka kumbusu, nikashindwa kuchagua, nikabaki nimemshika tu.

Madamu wa ofisi, mama wa Kihindi mwenye nywele za mvi, alituambia yaliyotokea. Mtoto alikuwa ameingia darasani na rafiki yake, wakaketi pamoja. Mwalimu, msichana mdogo, alidhani ni mwanafunzi mgeni aliyeletwa katikati ya muhula. Kwenye hesabu aliinua mkono mara nyingi, na alipoitwa akajibu kwa Kiswahili, mwalimu akashindwa kujua kama ni sawa au si sawa. Kisha kikaja kipindi cha dini. Pale watoto Waislamu huenda chumba chao na wengine hubaki. Binti yetu alimfuata rafiki yake. Ustadha, mwalimu wa kike wa chumba kile, ndiye aliyegundua kwamba jina lake halimo kwenye orodha. Walimuuliza jina, akasema. Jina la baba, akasema. Darasa? Akasema meza.

"Kwa nini mtoto huyu hasomi?" madamu aliniuliza.

Nikasema anasoma. Wapi? Nyumbani. Nani anamfundisha? Nikasema mama yake asubuhi, mimi mchana. Alilitazama ovaroli langu, si kwa dharau, bali kama mtu anayejaribu kuiona picha ile kichwani. Akauliza ni kwa sababu ya dini? Nikasema ndiyo, sisi ni Wakristo, tunataka mtoto akue katika Neno. Papo hapo nikaongeza kwamba pia shule zilikuwa zimejaa. Kisha nikasikia ninamweleza habari za zamu zangu, na jinsi duka linavyofungwa mchana, na jirani yangu anayewaona watoto wake wamelala.

Alinisubiri nimalize. Akaweka kalamu mezani.

"Sir, katika hizo tatu, ni ipi?"

Nilisimama mbele ya mama yule nikiwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, na sikujua kwa nini mwanangu hayuko shule. Sijawahi kuhisi vile kabla wala baadaye. Si kwamba nilikuwa nadanganya. Kila moja niliyoitaja ilikuwa kweli, ila sikujua ipi imezaa nyingine.

Hakunikaripia. Alisema muhula ujao kutakuwa na nafasi darasa la pili, nimlete mtoto apimwe. Akamshika binti yangu shavu, akatuaga.

Ndani ya pikapu nilimuuliza binti kipindi cha dini walifundishwa nini. Akasema ustadha aliwafundisha kuwatii wazazi, na kwamba asiyewatii wazazi Mungu hafurahi. Alilisema kwa uso mkavu, kama anayekariri. Dereva, aliyekuwa Mzanzibari, alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi sikujua nicheke au nitubu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameketi sakafuni mlangoni na baji kando yake, mtoto mdogo mapajani. Alimkumbatia binti muda mrefu. Baji alikuwa akilia na kuomba radhi, kana kwamba sare ile ndiyo iliyotembea yenyewe. Alipokwenda kwake, mke wangu alimweka binti mbele yake akamuuliza swali alilokuwa amelibeba asubuhi nzima.

"Kwani ulitaka kutuacha?"

Binti akashangaa. "Nilitaka kuona wanafundishwa nini ambacho mimi sifundishwi."

"Na umeona?"

Alifikiri. "Kusimama mstari," akasema. Kisha akaniangalia, akauliza kama leo hatusomi hesabu.

Nilibakiwa na muda kidogo kabla duka halijafunguliwa. Tukasoma.

Jioni ile tulibadilishana pande bila kuambizana. Mke wangu, aliyekuwa amenifundisha faida zote zile, alisema sasa anaona tumemnyima mtoto kitu. Mtoto hawezi kupanda basi la watu kwa siri kama hana njaa ya jambo. Alisema apelekwe shule, aki ya Mungu, hata kesho. Na mimi, niliyekuwa na mashaka tangu mwanzo, nikajisikia ninazungumza kama yule mama wa Afrika Kusini. Nikasema mtoto aliyethubutu kwenda kuona mwenyewe ameshafundishwa vizuri. Nikasema kule ameinua mkono mara nyingi akaitwa mara moja. Nikasema nyumbani anaanza siku yake kwa maombi. Mke wangu alinitazama.

"Si ni wewe uliyesema wito hauji kwa sababu shule zimejaa?"

Nikakiri ni mimi. Tukaomba pamoja, kila mtu kwa sauti yake, na tulipomaliza kila mmoja alisema amepata amani. Amani yake ilikuwa upande wa shule, yangu ilikuwa upande wa nyumbani. Tulipomwendea mchungaji, alituambia tuifuate amani.

Tulimpeleka kupimwa. Kusoma alifanya vizuri sana, hesabu vizuri, na kwenye saa alikosa zote. Nafasi akapewa. Lakini muhula ulipokaribia, mke wangu akapunguza makali, mimi nikayaongeza, kisha mimi nikapunguza. Tukasema aanze baada ya Krismasi. Krismasi ilipopita, magari yakaacha kununuliwa na vipuri vikaacha kutoka. Watu walikuwa wakiyaacha magari uwanja wa ndege na kukimbia madeni. Siku moja arbab aliniita akanikaribisha chai, na nilipoona chai nilijua. Alisema khalas, duka analifunga. Alinilipa stahili zangu zote, akanishika mkono, akaniulizia binti yangu kama amepata shule. Nikamwambia tunarudi nyumbani, atasoma huko.

Njombe kulikuwa na baridi ambayo watoto hawakuwahi kuijua. Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji alimtazama binti, akauliza lile swali la siku zote, na mke wangu akamweleza yote tangu mwanzo. Mwalimu mkuu alimpa gazeti asome. Akasoma. Akampa hesabu, akafanya, tena kwa Kiswahili. Wakamweka darasa la nne, ambako alikuwa mdogo kuliko wote, na baada ya wiki mbili wakamrudisha la tatu, kwa sababu hakujua kunyamaza. Mwalimu akiuliza, yeye alijibu palepale bila kusubiri kuitwa, na asipoelewa alimfuata mwalimu mpaka ofisini. Walimu wengine walimpenda kwa hilo, na wengine walimchapa kwa hilohilo. Mke wangu alilia kwa zile fimbo. Mimi nilikwenda shuleni kulalamika, nikafika, nikaona watoto wamesimama mstarini kwenye paredi na binti yangu katikati yao akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote, nikageuza njia nikarudi shambani.

Alimaliza, akaendelea, sasa ni muuguzi Makambako na ana familia yake. Mtoto wetu wa pili alisoma shule tangu siku ya kwanza na naye ameendelea vizuri, kwa hiyo hata kwa kuwalinganisha sijapata jibu. Mkubwa ana imani iliyokomaa, na anasema ilianzia pale mezani, kabla hajajua kuandika vizuri. Mdogo naye ana imani, na anasema ilianzia kwa rafiki yake wa bwenini.

Mwaka jana vijana wawili wa kanisa letu, mume na mke wenye mtoto mdogo, walikuja kutuona. Walikuwa wamesikia kwamba sisi tuliwahi kumfundisha mtoto nyumbani Uarabuni, na wao wanalifikiria jambo hilo, wakataka tuwaambie faida zake. Mke wangu aliwakaribisha chai akawaambia ilikuwa miaka bora kuliko yote aliyoishi kama mama, na kwamba kama angeanza upya asingethubutu. Mimi nikawaambia ilinipa mwanangu, na kwamba sijui ilimpa mwanangu nini. Yule kijana aliuliza sasa tunawashauri wafanye au wasifanye. Tulitazamana na mke wangu. Yeye akasema wafanye, mimi nikasema wasubiri kidogo, halafu wote wawili tukaanza kujisahihisha kwa pamoja. Wageni wetu walimaliza chai yao, wakashukuru, na tulipowasindikiza mpaka barabarani nilimsikia kijana akimuuliza mkewe kama ameelewa.